TAHADHARI: Huyu fundi wa "kurudisha upya" mipira ya boulingi ni tapeli, msimpe mpira wenu

Nimeandika nikafuta mara tatu kwa aibu. Leo liwalo na liwe. Nimelizwa, jamani, tena mchana kweupe, huku nimesimama nashangilia.

Nina mpira wangu wa bluu wa boulingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito kuangusha pini, na nilikuwa na haraka ya kuutengeneza. Ulikuwa umeshapita michezo mia bila kuguswa na msasa hata mara moja, na wanaojua wanasema ikifika kama 60 uanze kufikiria. Ulikuwa haukati tena, yaani haupindi kuelekea pini. Unautupa, unakwenda moja kwa moja kama jiwe. Nililaumu mkono, nikalaumu viatu, nikalaumu na leni, ile njia ndefu iliyopakwa mafuta ambayo mpira unaviringika juu yake.

Ndipo akatokea huyu bwana. Aliupokea mpira kwa mikono miwili, akaupitisha ukucha juu ya ule mkanda wa mikwaruzo, akanyamaza. Akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Kaka, huu umekunywa mafuta." Hapo ndipo aliponinasa, kwa sababu ni kweli! Mipira ya rezini ina vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, na kila ukiviringika juu ya leni unafyonza mafuta, mpaka siku moja unakataa kushika. Mtu aliyesema jambo la kweli kabisa ningemtiliaje shaka? Halafu akaanza kunihesabia vidoleni: tunatoa mafuta kwanza, tunaingia na msasa namba 500, tunapanda 1000 ulio laini zaidi, tunafunga na 2000, mpira tunaugeuza pande zote sita, maji muda wote, mwisho polishi. Mashine ya kuzungushia ninayo, hii hapa. Na kweli ilikuwepo, bakuli lake linazunguka, na pedi za msasa zimepangwa kwa namba kama vitabu kwenye rafu. Nikalipa yote palepale. Hata risiti sikuomba.

Siku ya kuuchukua nitaikumbuka mpaka nakufa. Alikuwa ameufunika kwa kitambaa cheupe. Akaufunua polepole, kama anafunua bibi harusi, na mimi nikajiona uso wangu ndani ya mpira. Nasema nilijiona! Meno yote nje. Nikampa mkono, nikamwita bingwa. Nilimwahidi nitamletea watu. (Wawili kati yenu niliwaambia, mnisamehe.)

Sasa sikieni upumbavu wangu. Mpira ule ulitoka kiwandani ukiwa HAUNG'AI. Karatasi yake niliisoma mwenyewe: msasa 2000, bila polishi, rangi imefifia kama ubao uliofutwa. Nilikwenda kuomba urudishwe ulivyokuwa, nikarudishiwa kioo, na nikafurahi. Alipotaja polishi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, nikaitikia "sawa sawa". Ung'aavu unapumbaza mtu.

Kwenye leni nikautupa mara ya kwanza. Uliteleza. Uliteleza kama sabuni sakafuni, ukapita palepale unapotakiwa kuanza kupinda, ukaenda kugonga pini mbili za pembeni. Nikajiambia labda bado mpya. Uso laini hupita juu ya mafuta bila kushika, wakati uso uliofifia hushika mapema. Hilo nalijua miaka yote, lakini siku hiyo kichwa kilikuwa likizo. Nilitupa kama mara kumi na tano hivi, na ule ung'aavu ukaanza kupata ukungu, unanata kwenye kiganja. Nikachukua spiriti na kitambaa nikafuta. Jamani. Kioo chote kilibaki kwenye kitambaa! Ilikuwa nta, aina ile ya kung'arishia magari, na chini yake mikwaruzo yangu ya zamani yote ipo, hata ule uliojipinda karibu na tundu la dole gumba, haukupungua hata kidogo. Hakuna msasa uliopita pale. Sio 500, sio 2000, hakuna.

Na hayo yangekuwa hasara tu, ningemeza. Lakini kutoka kwenye tundu la dole gumba kuna ufa, mwembamba kama unywele, unaelekea kwenye matundu ya vidole. Nilipompigia akasema "niliuweka kwenye oveni kidogo tu, mafuta yatoke". Oveni! Mafuta hutolewa taratibu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, matundu umeyaziba, unafuta, unarudia. Kiini cha ndani na ganda la nje havipanuki sawa, ukichoma kwa joto kali ganda linapasuka. Mpira uliopasuka msasa hauusaidii. Akaongeza kwamba mpira "ulikuwa umeshachoka", kisha simu haikupokelewa tena.

Mnauliza dalili. Zilikuwepo. Zile pedi zake zote zilikuwa safi, hazina hata vumbi la bluu au jekundu, kana kwamba zimetoka dukani asubuhi ile. Hakuniuliza mpira ulitoka kiwandani na namba gani. Hakupima mzunguko wake, na kila msasa unapunguza ganda kidogo. Na alijisifu kwamba anaweza kunipigia msasa hata katikati ya mechi, jambo ambalo kanuni za USBC, chama cha boulingi cha Marekani, zinalikataza waziwazi. Mtu wa kazi hii angelijua hilo. Nyingine sizikumbuki vizuri, nikizifikiria naona tu kile kitambaa cheupe.

Mimi nasema huyu afungiwe milango ya kila ukumbi. Anyang'anywe ile mashine, maana ni pambo. Arudishe pesa za kila mtu, na mipira ipigwe msasa upya mbele yetu, kwa mkono wake mwenyewe, bila mashine, kuanzia namba 500, pande zote sita, mpaka vidole viote malengelenge. Wenye mipira kwake kachukueni leo, msisubiri kesho. Futeni kwa spiriti hapohapo mbele yake kabla hamjatoka mlangoni.

Jana usiku kaniandikia: "Bosi, vipi, mpira unaendaje? Nina punguzo ukileta miwili."