TAHADHARI: Injini ya RX-8 inatangazwa kuwa poti sita, kumbe ni poti nne

Wadau, naandika haraka kwa sababu ile injini niliyouziwa imerudi sokoni. Poti ni matundu ya kuingizia hewa. Jana usiku nimeliona tangazo lake kwenye grupu jingine, picha zilezile, maneno yaleyale: "13B Renesis, poti sita, ya manyuali, imetoka Japani, haijaguswa." Imeguswa. Imekaa gereji kwa fundi wangu wiki tatu, naijua kila upande.

Gari langu ni Mazda RX-8 ya 2004, gia sita za mkono. Ilianza kugoma kuwaka ikiwa ya moto. Ikipoa inawaka, ukizima njiani umekwama. Fundi akapima, kompresheni (nguvu ya injini kubana hewa) imekwisha. Nikaanza kutafuta injini ya mtumba. Muuzaji mmoja hapa Dar, jina lake silitaji, akanitumia picha na video. Nikamuuliza: ni poti sita au nne? Akajibu, "Kaka, 13B ni 13B, zote zinakaa." Hapo ndipo nilipotakiwa kuachana naye.

13B ni jina la ukoo mzima. Mazda wanalitumia tangu miaka ya 1970, na RX-7 zenye turbo ni 13B vilevile. Ya RX-8, iliyotoka 2003, ni 13B-MSP, ndiyo wanayoiita Renesis, na yenyewe ina aina mbili. Kule Japani poti sita ya gia sita za mkono ilitoka na nguvu za farasi 250 na inazunguka hadi kama 9,000 kwa dakika. Poti nne ilikuwa na farasi 210, ikafungwa kwenye manyuali ya gia tano na otomatiki ya gia nne, na inaishia kama 7,500. Kadi ya gari haikusaidii kuzitofautisha, kwa sababu zote mbili ni cc 1,308.

Mzigo ulikuja kwa kirikuu, umefungwa juu ya mbao, umepuliziwa rangi mpya ya silva. Manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, haikuwepo, na matundu ya hewa yote yamezibwa kwa tepu pana, "vumbi lisiingie." Sikubandua. Nililipa milioni tatu na laki mbili kwa simu, palepale barabarani.

Kesho yake fundi akabandua tepu ya mbele, akakaa kimya. Tundu moja. Akazunguka nyuma, tundu moja. Akachukua manifoldi ya injini yangu ya zamani akaiweka juu yake: njia sita za hewa, nne zimepata tundu, mbili zinatazamana na chuma kitupu. "Mwanangu, umepigwa," akasema.

Kwa hiyo ukienda kununua, bandua tepu mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi. Injini hii imepangwa kwa tabaka: mabamba matatu ya chuma, la mbele, la kati na la nyuma, na nyumba mbili za rota katikati yake (rota ndiyo inayozunguka badala ya pistoni). Bamba la kati lina matundu mawili ya hewa kwa aina zote, hilo halikuambii kitu. Angalia la mbele na la nyuma. Yakiwa mawilimawili ni poti sita. Likiwa moja moja ni poti nne. Usichanganye na matundu ya moshi yaliyo chini, hayo ni matatu kwenye kila Renesis. Ukikuta ya moshi ni mawili na yametokea kwenye nyumba za rota zenyewe, hiyo ni 13B ya zamani, si ya RX-8 kabisa.

Kama manifoldi na injekta bado zipo, hesabu injekta, vile vya kupulizia mafuta: sita kwa poti sita, nne kwa poti nne. Usiridhike na kuambiwa "imetoka kwenye manyuali" au "kwenye otomatiki," maana kuanzia 2006 otomatiki ya gia sita ilifungwa poti sita. Na wenye RX-8 za kuanzia 2008, hesabuni pia nozeli za oili kwenye nyumba ya rota: zenu zina tatu kila moja, za mwanzo zina mbili.

Sasa ile video ya muuzaji ya kupima kompresheni, maana ndiyo itakayowaponza wengi. Inaonyesha mshale wa kipimo unapanda vizuri halafu unaganda pale juu. Hicho ni kipimo cha injini ya pistoni. Ndani kina vali ndogo inayoshikilia namba kubwa kuliko zote. Rota ina nyuso tatu, na kila uso una kompresheni yake. Uso mmoja mzima unaweza kuficha viwili vilivyokufa. Muuzaji aing'oe ile vali mbele yako, mshale uruke mara tatu tatu kwa urefu sawa. Ukipata kipimo halisi cha rotari, Mazda wanataka 8.5 (kilo kwa sentimita ya mraba) kwa injini iliyo hai, na ikishuka chini ya 6.9 kwa mizunguko 250 kwa dakika, imekwisha.

Tulipofungua plagi za hii, oili ilichuruzika hadi kwenye viatu vya fundi. Muuzaji alikuwa ameimimina ndani ili izibe sili za rota zilizolika, kompresheni ipande kwa dakika chache za kurekodi. Hilo limeniuma kuliko habari ya poti. Poti nne ni injini nzuri kwa mwenye gari lake, mradi iuzwe kwa jina lake na ikiwa hai.

Baada ya kunizungusha sana, muuzaji aliichukua, akanirudishia milioni moja na nusu. Nyingine anasema "ilikula usafiri na usumbufu." Sasa anaiuza tena.

Itambueni hivi: rangi ya silva hadi kwenye vichwa vya bolti, sikio moja la mabano limekatika upande wa plagi, na kwenye bamba la nyuma fundi wangu aliandika "4" kwa maka nyekundu. Muuzaji akiifuta, mkwaruzo wa bisibisi chini yake bado upo. Ukiikuta nitumie ujumbe, nina picha za matundu yote manne bila tepu.