Hita ya Bloku Kwenye Pikapu Iliyotoka Hokkaido: Uzoefu Wangu Pemba

Pikapu ninayochukulia samaki kutoka soko la Tumbe kwenda Wete na Chake Chake ni ya dizeli, ina silinda nne, na kabla ya kufika kwetu ilitumika Hokkaido, kisiwa cha kaskazini kabisa mwa Japani. Ilikuja na waya mweusi uliochungulia nje kupitia shoo ya mbele, wenye plagi ya pini mbili bapa kama zilivyo plagi za redio na majokofu yanayoletwa kutoka huko. Waya huo ni wa hita ya bloku, yaani kifaa cha umeme cha kupasha moto bloku, kile chuma kikubwa cha injini chenye silinda, ambacho wengi wetu visiwani hatukukizoea, na kwa kuwa madereva wenzangu wameniuliza mara nyingi kama kina faida yoyote hapa, naandika niliyoyaona kwa kukitumia, kukipima na hatimaye kukitoa.

Hita hii ni koili ya umeme inayoingizwa katika tundu la ubavuni mwa bloku, pahala ambapo kwa kawaida hukaa kizibo cha bati, hata ncha yake ikazama ndani ya maji ya kupozea injini. Gari inapolala, mwenyewe huichomeka kwenye umeme wa nyumbani. Maji yaliyo karibu na koili hupata moto na kupanda, ya baridi hushuka kushika nafasi yake, na kidogo kidogo chuma chote cha injini huwa na uvuguvugu. Si kifaa kipya. Mmarekani Andrew Freeman wa mji wa Grand Forks, jimbo la North Dakota, alipata hataza ya hita yake ya injini mwaka 1949, nayo iliwekwa badala ya boliti moja ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Katika miji ya Kanada kama Winnipeg na Edmonton, maegesho mengi yana soketi za umeme kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Huko kinahitajika kwa dhati. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia mafuta, bali hutegemea joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na chuma kilichoganda hulinyonya joto hilo kabla mafuta hayajashika. Oili nayo huwa nzito, na betri katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na takriban nusu ya nguvu zake. Mji wa Asahikawa, ulioko huko huko Hokkaido, mwaka 1902 ulipimwa nyuzi 41 chini ya sifuri, kiwango ambacho mtu wa Pemba hana cha kukilinganisha nacho, kwa maana kipupwe chetu kinapokuwa kikali, alfajiri ya Julai au Agosti, ni nadra kipimo kushuka sana chini ya nyuzi 20.

Sababu iliyonifanya niishughulikie hita hii ni kwamba katika kipupwe gari ilikuwa ngumu kuwaka baada ya sala ya alfajiri: ilitetemeka, ikatoa moshi mweupe, na ilichukua muda kabla ya kutulia. Jamaa kadhaa walinishauri nichomeke ule waya usiku kucha. Ushauri ulitolewa kwa nia njema, lakini una hatari ambayo napenda kila mwenye gari ya namna hii aielewe vizuri.

Kibandiko cha hita yangu kinasema volti 100 na wati 400, kwa sababu umeme wa majumbani Japani ni wa volti 100. Umeme wetu ni wa volti 230. Nguvu ya koili haiongezeki kwa uwiano ule ule wa volti, bali kwa mraba wake. Volti zikizidi mara 2.3, wati huzidi mara tano na zaidi, kwa hiyo hita ya wati 400 itavuta zaidi ya wati 2,100. Mkondo wake utakuwa kama ampea 9, na fyuzi iliyomo katika plagi zetu za pini tatu ni ya ampea 13, maana yake fyuzi haitakatika na hakuna kitakachomwonya mwenye gari. Koili itaungua, au waya mwembamba uliopita karibu na mabomba ya mafuta utayeyuka, na gari hiyo imeegeshwa ukutani mwa nyumba yenye watoto waliolala. Adapta ya kubadilisha pini inauzwa dukani kwa bei ndogo, lakini haibadilishi volti hata moja, na hapo ndipo mtu anapodanganyika.

Fundi wangu wa Chake Chake, mtu makini ambaye namshukuru, aliijaribu kwa transfoma ya kushusha umeme hadi volti 100. Hita ilikuwa nzima. Tuliiacha kwa muda wa saa tatu hivi, muda ambao hutumia uniti 1.2 za umeme, na bloku ikawa na joto la kuhisika kwa mkono. Injini iliwaka vizuri kidogo kuliko jana yake, ila moshi na mtetemeko havikuondoka. Hilo lilimtosha. Alisema, "Sheikh, gari hii haina baridi, ina hita plagi mbovu," yaani zile koili ndogo za kupasha moto ndani ya silinda, moja kwa kila silinda, akazipima zote nne kwa mita, na moja ilikuwa imekatika ndani. Ilipobadilishwa, pamoja na kusafishwa vichwa vya betri vilivyoota kutu, gari ikawaka mara moja, na tangu hapo imekuwa hivyo bila ya kuchomekwa popote. Hita plagi hukaa kwenye silinda yenyewe, hutumia umeme wa betri, na ndiyo iliyoundwa kwa ubaridi mdogo kama wa kwetu. Ya bloku ni msaada wa pili kwa nchi ambazo hiyo ya kwanza haitoshi.

Baadaye niliona alama za maji yaliyokauka chini ya hita. Mpira wake wa kuzuia maji ulikuwa umekakamaa, na chuma kilichouzunguka kilianza kulika kwa maji ya chumvi yanayotiririka kutoka kwenye matenga ya samaki. Mpira mpya wa kipimo kile haukupatikana Pemba wala Unguja, hivyo tukaitoa hita yote na kuweka kizibo cha kawaida, kazi ambayo haikumaliza hata asubuhi moja. Maji ya kupozea tulijaza upya. Yale ya awali yalikuwa mchanganyiko wa nusu maji na nusu dawa ya kuzuia kuganda, unaowekwa kwenye magari ya nchi za baridi. Sisi hatuhofii kuganda, lakini dawa ile huzuia kutu, kwa hiyo kujaza maji ya kisima peke yake ni kuitafuna injini kutoka ndani.

Kwa hita yenyewe sina la kulalamikia, kwani ilifanya kazi iliyotengenezewa. Kwa Pemba, hata hivyo, simshauri mtu ailipie wala aibakishe. Anayeagiza pikapu kutoka nchi ya baridi na aombe picha ya shoo na ya ubavu wa bloku kabla ya kulipa, na akiiona plagi bapa inaning'inia, aifunge kwa utepe siku ile ile gari inaposhuka bandarini ili asije mtoto au kijana wa kuosha magari akaichomeka, kisha amwambie fundi aangalie kama kuna maji yanayovuja kabla ya kuipakia mzigo wa kwanza.