Kalkuleta ya karibu na stendi Moshi: usiipe namba ya tarakimu 13
Sijui niipe nyota ngapi. Kwa hasira niliyonayo hata moja ni nyingi.

Ndani ya tarakimu 10 haina neno. Ipe 4294967297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, ugawanye kwa 641: inatoa 6700417 kamili, kama mwanahisabati Euler alivyopata mwaka 1732. Ndipo unaponaswa. Ukiijaribu hivyo dukani unaona mzima, unatoa hela.

Balaa liko juu ya hapo. 2 kwa kipeo cha 40 ni 1099511627776. Ongeza 1, iwe 1099511627777, gawanya kwa 257. Jibu la kweli ni 4278255361, bila baki. Hii inaandika 4278255362! Ingetoa desimali ungeshtuka. Inakupa namba nzima, safi, mwanafunzi ananakili na kupigia mstari. Wakati ukizidisha tarakimu ya mwisho ya 257 na ya jibu hilo, 7 mara 2 ni 14, kwa hiyo zao lingeishia na 4, na namba iliyogawanywa inaishia na 7. Sababu ni kwamba inatunza tarakimu zile 10 za kwenye skrini tu. Imeshakadiria kuwa 1099511628000, ile 1 uliyoongeza imemezwa. Mashine nzuri hutunza tarakimu nyingine kadhaa usizoziona.

Nikairudisha juzijuzi. Kijana wa kaunta hata hakuiwasha. "Mzee, umekuja kununua au kusahihisha?" Kisha akanigongea kidole kwenye boksi, pameandikwa 10+2, eti tarakimu 12. Hiyo 2 ni nafasi mbili za kuandika kipeo cha 10, si tarakimu za namba, kijana! Mtu anauza kalkuleta na hajui boksi lake linasema nini.

Kabla hujalipa, iwe Moshi au Arusha, piga 2 kwa kipeo cha 40, kisha toa 1.099511627 mara 10 kwa kipeo cha 12. Ikija 776, chukua. Ikija 1000, iache hapohapo mezani.

Haya, nisiionee. Ukiikata namba mwenyewe, hata hii inafika. 1099511 gawanya kwa 257: unapata 4278, baki 65. Liweke baki mbele ya 627777, iwe 65627777, gawanya tena: 255361 kamili. Unganisha, 4278255361. Kipande cha pili lazima kiwe na tarakimu 6. Zikipungua jaza sifuri mbele, wengi huharibikia hapo. Na hizo za bei mbaya nazo zina mwisho: 2 kwa kipeo cha 67 ukitoa 1 ina tarakimu 21, mwanahisabati Cole aliivunja mwaka 1903 kuwa 193707721 × 761838257287, na ukitaka kuihakiki utakata vipande tu.

Basi nyota mbili. Hapana, moja. Kitufe cha sawasawa kinanata, na risiti alikataa kunipa.