SpamAssassin: kichujio cha barua taka kinachotoa sababu zake

Chama chetu cha akiba na mikopo kimeibandika anwani yake ya barua pepe kila mahali ili mwanachama yeyote aweze kutuandikia, na kwa sababu hiyo hiyo matapeli nao hutuandikia usiku na mchana. Mimi ndiye mtunzaji wa seva, na kazi ya kuchuja nimeikabidhi SpamAssassin, programu huria ya bure iliyoanzishwa na Justin Mason mwaka 2001, ambayo leo iko chini ya Apache Software Foundation, shirika lisilo la faida linalosimamia programu huria.

Ninachokithamini kuliko vyote ni kwamba programu hii haifichi hukumu yake. Kila barua hupimwa kwa mamia ya kanuni, ambazo huongeza au kupunguza alama. Jumla ikifika 5, kiwango inachokuja nacho, barua huhesabiwa kuwa taka, na kanuni zilizoitia hatiani zinaweza kusomwa moja moja pamoja na alama zake. Barua ya mwanachama aliyekuwa akiomba mkopo wa ada ya shule iliposhikwa, nilisoma maelezo hayo nikagundua kwamba seva aliyoitumia ilikuwa imewekwa kwenye orodha ya seva zinazotuma taka, kwa makosa ya watu wengine. Niliiweka anwani yake miongoni mwa zinazoaminika, na ombi lake likaifikia kamati kabla ya kikao. SpamAssassin yenyewe haifuti barua, bali huitia alama tu, nami nawasihi watunzaji wenzangu waziweke taka kwenye folda ya pembeni na kuzipitia, kwa maana nyuma ya barua moja iliyopotea huenda kuna mtoto aliyerudishwa nyumbani.

Kwa sisi tunaoandikiana kwa Kiswahili, lazima ifundishwe. Kanuni zake nyingi za maneno zimetungwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hazina habari na yule anayeandika kwamba pesa zitumwe kwenye namba hii. Dawa ni sehemu yake inayojifunza kutokana na barua zenyewe, ambayo kwa kawaida haianzi kutoa hukumu mpaka ioneshwe taka 200 na barua njema 200. Msiache hizo njema: bila kuzijua, haitakuwa na cha kulinganishia.

Kanuni nazo huzeeka. Mwaka 2010 ulipoingia, kanuni moja inayokagua tarehe za barua, iliyouhesabu mwaka huo kuwa wa mbali mno katika siku zijazo, ilianza kuziadhibu barua halali duniani kote, mpaka iliporekebishwa. Amri ya sa-update, inayoleta kanuni mpya, inapaswa kujiendesha kila siku.

Kwa chama chenye mtu wa kukaa nayo walau saa moja kwa wiki, ningeichagua tena bila kusita. Pasipo na mtu huyo, ni afadhali kulipia huduma inayotunzwa na wengine.