Kupima figo Moshi mjini: nyota 4, na tano ni za dada wa majibu

Mimi napika mbege Kibosho, na wanywaji wangu nawajua mmoja mmoja. Shemeji yangu hanywi kwa msimu, hunywa kila siku, na akitoka kwangu hupitia gongo. Siku hizi misuli ya miguu inamkaza usiku mpaka nyumba nzima inaamka. Nikampeleka maabara moja karibu na soko la Mbuyuni.

Mapokezi ya kawaida, foleni inasogea. Aliyenifanya niandike ni dada aliyetusomea majibu. Kreatinini, taka ya kwenye damu inayopimwa kuona kama figo inachuja, ilikuwa nzuri, shemeji akainuka. Dada akamzuia: “Kaa kwanza, baba. Hapa tumeona chujio linachuja. Bado hatujajua kama kilichochujwa kinarudi.”

Akatuchorea. Figo huchuja kama lita 180 kwa siku, na karibu maji yote hurudi kwenye damu pamoja na sukari, chumvi na fosfeti. Wanaorudisha ni seli za vimirija, yaani mirija midogo ndani ya figo. Kwenye utando wa seli zimekaa protini ambazo, kama wapagazi wa mlimani, kila moja ina mzigo wake, na nyingi zinategemea pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Utando huo ni wa mafuta. Pombe hupenya humo, huvuruga mpangilio wake, na ubebaji huyumba. Ndiyo maana mnywaji wa kila siku hupoteza kwenye mkojo madini kama fosfeti na magnesi, hata vitamini ya foleti aliyoila kwenye mchicha.

Huku kwetu watu husema pombe inasafisha figo kwa kuwa mtu anakojoa sana. Hapana! Pombe huzuia homoni inayobana maji mwilini, basi. Natamani kila kilabu kisikie hili.

Magnesi ya shemeji ikatoka chini, tukaandikiwa rufaa kwa daktari. Kilichomgusa ni habari ya uchunguzi wa Italia uliochapishwa 1993: wanywaji walioacha pombe kwa wiki 4, kasoro nyingi za vimirija vyao zilitoweka.

Nyota moja naikata kwa sababu magnesi haimo kwenye kifurushi cha figo, unalipia pembeni, na hakuna anayekuambia mapema. Ukienda, itaje pamoja na fosfeti ukiwa bado dirisha la malipo. Ulizia pia kama yule dada yuko zamu, maana wengine wanakukabidhi karatasi tu.