Krimu ya mtoto mwenye ukurutu: tazama kwanza mdomo wa kopo

Mwezi wa pili nilimnunulia mwanangu wa miaka minne krimu ya nusu kilo, lile kopo pana ambalo mkono mzima unaingia. Nililipa shilingi 60,000 kwenye duka moja la dawa hapa Kampala, nikatoka najiona mjanja kwa sababu kopo kubwa hutoka rahisi kuliko madogo mawili. Wiki ya tatu mikunjo ya viwiko vyake, iliyokuwa imeanza kupoa, ikaanza kutoa majimaji na kufanya vigaga vya rangi ya asali. Daktari hakuuliza krimu inaitwaje. Aliuliza: "Mama, hilo kopo linachotwa na nani?"

Nikaanza kuhesabu. Mimi. Dada wa kazi. Kaka yake mtoto akitoka kwenye mpira. Baba watoto, ambaye magaga yake ya miguuni hayajawahi kukutana na mafuta asiyoyapenda. Niliporudi nyumbani nikalipeleka kopo dirishani nikalifungua: mifereji ya vidole vinne, unywele mmoja, na ukingoni chembe ya posho, yaani ugali, iliyokauka.

Sisemi kopo ndilo lililomwambukiza. Mtoto anayejikuna usiku kucha ana kucha za kutosha kufanya kazi hiyo. Lakini ngozi ya ukurutu imevuja kama ukuta wa udongo uliopigwa na mvua: maji yanatoka, vijidudu vinaingia, na bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hupenda sana kukaa hapo. Kidole kikitoka kwenye kidonda na kurudi kwenye kopo, kesho unampaka mtoto ya jana. Kwa hiyo leo napanga krimu kwa midomo yao. Habari ya manukato mnaijua: huiwasha ngozi ya ukurutu. Kama ina harufu nzuri, iache dukani tuendelee.

Namba moja ni CeraVe ya gramu 454 yenye pampu, na sijifichi, naipenda. Haina manukato, na ina seramidi, yaani mafuta ya aina ileile ambayo ngozi yenyewe hutumia kushikanisha chembe zake. Unabonyeza, inaanguka kiganjani, hakuna mtu aliyegusa kilichobaki ndani. Pampu haifiki chini kabisa, hivyo mwisho wa kopo nahitaji kijiko, nami nimeisamehe. Muuzaji atakuonyesha ya gramu 340 isiyo na pampu akuambie ni kitu kimoja. Ndani ni kimoja. Mdomo si mmoja.

Ya pili ni E45 ya pampu, gramu 500. Wenye ndugu London wanaifahamu, ndiyo inayofika kwenye masanduku ya Krismasi pamoja na chokoleti. Ina lanolini, mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, na wako watu ambao lanolini huwawasha. Mpake mtoto kidogo ndani ya mkono kwa siku kadhaa kabla ya kumpaka mwili mzima.

Ya tatu, Cetaphil ya kopo. Krimu nzuri, mdomo mbaya. Losheni yao ya pampu ipo, lakini kwa ngozi iliyokwisha pasuka naiona nyepesi mno, na mtoto aliyepakwa losheni asubuhi saa sita ameshakauka kama mukene, dagaa wetu. Ukichukua kopo, weka kijiko cha chuma pembeni, kioshwe na kukaushwa kila siku. Chota ya kutosha, weka kwenye kisahani, funika kopo, ndipo uanze kupaka. Ikibaki kwenye kisahani hairudi ndani, hata roho ikuume.

Vaseline isiyo na harufu ni ya nne. Haiongezi maji, inayafungia tu yaliyopo, kwa hiyo paka mtoto akiwa bado na unyevunyevu wa kuoga, maji ya vuguvugu, bila kumsugua na taulo. Moo yaa ya Lira, yaani mafuta ya shea, nayo wapo wanaoisifu. Inauzwa kwenye chupa zilizokwisha tumika, nami na chupa hizo hatuelewani.

Krimu ya maji (aqueous cream), ile ya bei ya chini ambayo kila duka la dawa linayo, naiweka mkiani. Nyingi zina sodiamu lauri salfeti, kitu cha kutoa povu, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitahadharisha kwamba ikiachwa kwenye ngozi inaweza kuiwasha, hasa kwa watoto wenye ukurutu.

Na kwa sisi wa sigiri: nguo na shuka zilizolowa mafuta haya hushika moto upesi. Mtoto aliyepakwa akae mbali na makaa.

Sasa bei. Waingereza hushauri mtoto mwenye ukurutu apakwe gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe. CeraVe ileile nimeiona kwa shilingi 85,000 kwenye duka moja na 110,000 hatua thelathini mbele, barabara ileile, na haimalizi hata wiki mbili. Inaingia nchini kama kipodozi na VAT yake ya asilimia 18, kana kwamba mwanangu anajiremba kwenda harusini.

Ukilalamika bei, muuzaji anainama chini ya meza. Hapo ndipo uwe macho. Anatoa kikopo kisicho na jina: "Nnyabo, hii tunachanganya wenyewe, siku tatu amepona." Dada mmoja wa Arua ameniandikia kwamba alipewa hicho, mtoto akang'aa ndani ya wiki, na alipoacha kumpaka ukurutu ukarudi maradufu. Mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kuwa na klobetasoli, dawa ya jamii ya steroidi za kutuliza uvimbe wa ngozi, kali kuliko karibu zote, ambayo ikipakwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Steroidi zina kazi yake kwenye ukurutu, hata mwanangu ameandikiwa haidrokotisoni ya asilimia 1, lakini daktari aliiandika, na tyubu ina jina na tarehe.

Jumamosi nilinunua pampu mpya. Nilipofika nyumbani nikaona krimu iliyokauka kwenye mdomo wake. Nikapanda boda nikairudisha. Kijana wa dukani akacheka: "Nilibonyeza kidogo tu, nijue kama inafanya kazi." Kisha akanigeuzia risiti nisome upande wa nyuma: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.