Smython yangu baada ya misimu miwili: mtutu wa Colt, fremu ya Smith & Wesson

Ukiitazama bastola yangu ubavu wa kulia utasoma miji miwili. Kwenye mtutu pamechorwa Hartford, Connecticut. Nyuma yake kidogo, kwenye fremu, pamechorwa Springfield, Massachusetts. Miji hiyo iko kando ya mto mmoja, umbali wa kilomita 40 hivi, na viwanda vyake vya silaha vilianza kushindana 1857, mwaka ambao hataza ya Samuel Colt iliisha muda, na Horace Smith na Daniel Wesson wakaingia sokoni na revolva yao ya kwanza, bastola yenye silinda ya kuzunguka inayobeba risasi. Yangu ina mtutu wa Python, revolva ya Colt, na vingine vyote ni vya Smith & Wesson. Nimeipigia misimu miwili ya mashindano, risasi zaidi ya elfu nne, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Bastola ya namna hii huitwa Smython. Wengine husema Smolt. Mtutu huohuo ukifungwa kwenye fremu ya Ruger, kampuni nyingine ya Marekani, kama ile ya revolva yao ya Security-Six, jina huwa Cougar. Zilipata umaarufu miaka ya 1970 kwa wapiga shabaha wa PPC, mashindano yaliyotokana na mafunzo ya polisi wa Marekani. Mnapiga kutoka yadi 7, 15, 25 na 50, na mechi kubwa ni risasi 150 kwa alama 1500. Yadi 7 bastola yoyote nzima inatosha. Mechi hupotelea yadi 50, na huko ndiko watu walikoanza kuutamani mtutu wa Python.

Sababu iko ndani ya chuma. Mifereji ya mtutu wa Python, bastola iliyotoka 1955, hujisokota kuelekea kushoto, mzunguko mmoja kwa kila inchi 14. Ile ya Smith & Wesson hujisokota kulia, mzunguko mmoja kwa kila inchi 18.75. Risasi yetu ya mashindano ni .38 Special yenye kichwa bapa cha greni 148, yaani gramu 9.6 hivi. Huenda polepole, na kwa umbo lile la kopo safari ndefu huisumbua. Ikitoka inazunguka kwa kasi zaidi, hutulia zaidi. Tena mtutu wa Python umejazwa chuma chini hadi mdomoni, hivyo uzito hukaa mbele na mkono hauyumbi sana.

Kwa nini basi nisinunue Python nzima? Kila ninapoiweka mezani kuna anayeuliza. Jibu langu ni triga. Mimi sikoki nyundo kwa kidole. Kila risasi naivuta kwa triga ndefu, mwanzo hadi mwisho. Kwenye Python za zamani mvuto huo huzidi kuwa mzito kadiri unavyokaribia mwisho, kwa sababu ya springi yake ya umbo la V. Wapo wanaoupenda uzito huo, wanasema unawajulisha nyundo iko karibu kuanguka. Mimi hunivuta shabaha pembeni dakika ileile ninayotaka itulie. Smith & Wesson iliyopitiwa na fundi hukupa uzito uleule kuanzia unapogusa mpaka inapolia. Na mfumo wa Colt, unaoibana silinda kwa nguvu wakati wa kufyatua, huhitaji kurekebishwa ukichakaa, wakati mafundi wanaoujua kwa undani wamebaki wachache.

Fremu yangu ni Model 14, revolva ya shabaha ya .38 Special yenye kilengeo cha nyuma kinachorekebishika. Aliyeniuzia alikuwa ameihifadhi miaka mingi ndani ya holsta ya ngozi, na ngozi ikafanya kazi yake: mtutu ulikuwa na vishimo vya kutu nje na ndani. Triga yake, hata hivyo, ilikuwa laini kupita bastola zote nilizowahi kushika. Mtutu wa Python wa inchi 6 niliupata peke yake, kipuri kisicho na bastola. Hili nalisema kwa msisitizo: nisingekubali kuifungua Python nzima na yenye afya ili nipate mtutu. Colt walisimamisha uzalishaji wake, na waliporudi na Python mwaka 2020 ilikuwa imesanifiwa upya. Za zamani haziongezeki, na kila inayokatwa ni hasara kwa wote.

Upande wa sheria haukunisumbua. Marekani, fremu yenye namba ndiyo silaha, kwa hiyo niliipokea kupitia muuzaji mwenye leseni, na mtutu nikauagiza kama kipuri kingine. Kazi ya mashine niliwaachia mafundi wenye leseni tangu mwanzo. Sehemu hizi mbili hazikuumbwa zikutane. Thredi za Colt haziingii kwenye fremu ya Smith & Wesson; shina la mtutu hukerezwa likapungua, likakatwa thredi upya, na kosa la upana wa unywele huonekana kwenye karatasi ya shabaha.

Fundi wa kwanza alinirudishia bastola baada ya wiki tano, imeng'aa, na nikafurahi kama mtoto. Furaha iliishia uwanjani. Kilengeo cha mbele kilikuwa kimeinama kidogo kushoto, kana kwamba saa inaonyesha dakika moja kabla ya saa sita. Niliirekebisha kwa kilengeo cha nyuma nikajiambia nitazoea. Kisha mpigaji aliyesimama kulia kwangu akajifuta shavu: vipande vidogo vya risasi vilikuwa vikimrukia kutoka kati ya silinda na mtutu. Nilisimamisha mazoezi palepale. Nyumbani niliingiza fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia, kwenye uwazi huo, nikapata inchi 0.012. Nilikuwa nimetarajia nusu yake. Nilipompigia simu, fundi aliniambia bastola za mchanganyiko ndivyo zilivyo. Si kweli, na jibu lile liliniuma kuliko ile dola 300 niliyomlipa.

Wa pili alikuwa mzee aliyewahi kuzitengeneza hizi wakati ule zilipokuwa na soko. Hakugusa kitu kwa dakika kumi za kwanza. Aliifungua silinda akaifunga, akaizungusha taratibu tundu moja baada ya jingine huku sikio lake likiwa karibu, akapitisha kipimo kutoka mdomoni kuona kama kila tundu linatazamana na mtutu. Matundu mawili hayakutazamana sawasawa. Hapo ndipo zile chembe zilipokuwa zinakwanguliwa. Akanieleza kwamba mwenzake alifunga mtutu vizuri kwa jicho na vibaya kwa kipimo, na kwamba silinda yenyewe hakuiangalia kabisa.

Aliurudisha mtutu nyuma kwa karibu thredi moja, hadi kilengeo kikasimama wima, akakereza upya mdomo wa nyuma wa mtutu, akarekebisha muda wa silinda kufunga. Uwazi ukawa inchi 0.005 kwa matundu yote sita. Kuna jambo lingine ambalo sikulijua na ndilo lililonifundisha tofauti ya viwanda hivi viwili. Kwenye Smith & Wesson, ncha ya mbele ya fimbo ya kutolea maganda hushikwa na pini iliyo chini ya mtutu, hivyo silinda hufungwa mbele na nyuma. Colt hawana pini hiyo. Ukiweka mtutu wa Colt, fremu ya Smith inabaki imeshikwa nyuma tu, na mbele silinda ina uhuru wa kucheza. Fundi wa kwanza aliiacha hivyohivyo. Mzee alitoboa kijishimo kwenye mkono unaobeba silinda, akaweka gololi ndogo yenye springi nyuma yake, ikawa inakaa kwenye kitundu cha fremu kila silinda ikifungwa. Sasa inafunga kwa mlio mmoja mkavu, na ninaupenda mlio huo kila asubuhi ya mechi.

Nikaja kwenye karatasi. Kabla ya yote, mtutu wa zamani ukiwa umeegemezwa kwenye mfuko wa mchanga, ulinipa kundi la risasi sita lenye upana wa inchi nne na nusu hivi kutoka yadi 50. Baada ya fundi wa pili, kwa risasi za aina ileile, makundi matano mfululizo yalikaa kati ya inchi 2 na inchi mbili na robo. Siwezi kusema yote ni kazi ya mifereji ya Colt. Mtutu mpya wa Smith & Wesson uliofungwa na mzee yuleyule ungeweza kukaribia hapo, na yeye mwenyewe aliniambia hivyo bila kuzungusha. Anayetaka bastola hii kwa kuamini jina la Python litamfanyia kazi, asome tena habari za fundi wa kwanza: nilikuwa na jina hilohilo wakati ule, na bastola ilikuwa mbaya kuliko ilivyokuwa na mtutu wenye kutu.

Kinachonifurahisha zaidi hakipimwi kwa rula. Nikisimama nyuma ya kizuizi yadi 50, mkono wa kushoto, sehemu ninayoiogopa kuliko zote, uzito wa mbele unashikilia kilengeo chini na triga inateleza bila ngazi. Alama zangu za hatua hiyo zimepanda, na risasi zinazotoka nje ya duara la 10 sasa najua ni zangu mimi.

Kasoro zimebaki. Mwanzoni ilipiga juu mno, kwa kuwa urefu wa kilengeo cha mbele cha Colt haukulingana na cha nyuma cha Smith; ilibidi kiwekwe kirefu zaidi. Pale mtutu unapokutana na fremu, umbo halilingani. Mzee alisawazisha kwa tupa lakini kidole bado kinahisi ngazi. Rangi za bluu za viwanda viwili pia hazifanani, ya Colt imekolea na kung'aa, na nimeziacha hivyo.

Gharama: fremu dola 520, mtutu dola 480, fundi wa kwanza 300, wa pili 450. Jumla dola 1,750. Python mpya ilipotoka 2020 bei yake ya orodha ilikuwa dola 1,499, ikiwa nzima na kamili. Kwa mtu anayeanza mashindano, ningemwambia anunue Smith & Wesson nzima, ampe fundi mzuri airekebishe triga, na fedha zinazobaki azimalizie kwenye risasi za mazoezi. Smython inamfaa mwenye fremu anayoipenda ambayo mtutu wake umekufa, aliyeshampata fundi kabla ya kununua mtutu. Mimi nilianza na mtutu, na nikalipia kazi ile mara mbili.

Jambo moja bado hunikaa moyoni. Ubavu wa kushoto wa mtutu umeandikwa "PYTHON 357", na chini yake kwamba ni wa .357 Magnum, risasi ndefu na yenye nguvu kuliko .38 Special. Silinda yangu ni ya .38 Special peke yake. Risasi ya magnum haiingii mpaka mwisho, lakini siku nikiwa sipo, mtu atakayeirithi anaweza kuamini maandishi ya mtutu, akaona silinda ndiyo yenye kasoro, akapeleka matundu yakachimbwe zaidi. Nimeandika karatasi, nikaifunga kwa mpira kwenye mtutu wa zamani ulioviringishwa kitambaa cha mafuta, vyote ndani ya sanduku la bastola. Mstari wa kwanza unasema: .38 Special tu, usiamini mtutu.